Matanga Tuliyokaa Mbele ya Televisheni

Wiki iliyopita umeme ulikatika pale ninapofanya kazi, huku Kindu, na mlinzi akawasha ile jenereta ndogo iliyo chini ya dirisha langu. Harufu ikapanda: petroli iliyochanganywa na oili, moshi wa bluu, na waya unaoanza kupata moto. Wenzangu walifunga dirisha wakaendelea na kazi. Mimi nilisimama. Nilikwenda mlangoni, nikarudi, nikanywa maji bila kiu, nikatoka nikauzunguka ua mara mbili, hata mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamjibu kwamba nimepoteza funguo. Uongo mtupu. Nilikuwa nimeinusa nyumba ya Papa Amisi, na nikiinusa nyumba ile miguu yangu haitulii mpaka kesho yake.

Ninyi mliokua Kasongo wakati niliokua mimi mtaikumbuka nyumba hiyo, au nyingine ya namna yake, maana karibu kila mtaa ulikuwa nayo. Chumba kimoja cha matofali ya udongo nyuma ya soko, pazia la kitenge mlangoni, benchi tatu, televisheni mbili zenye mgongo mkubwa, na jenereta nje imefungwa mnyororo kwenye mpera kama mbuzi. Televisheni ya kwanza ilikuwa ya mpira. Vijana walikaa pale tangu saa nane wakitukanana mpaka petroli iishe. Ile nyingine, ya pembeni, iliyokuwa na mstari wa kijani katikati ya kioo, ilikuwa ya mchezo wetu.

Tuliuita mchezo wa mpanda farasi, maana jina lake halisi lilikuwa refu na la Kiingereza, na kila aliyejaribu kulitamka alichekwa. Ndani yake mlikuwa na nchi. Haikuwa njia moja ya kwenda mbele, uruke hapa, upige pale, kama michezo mingine. Ilikuwa nchi nzima, ina milima na mashamba na vijiji, mvua yake na jua lake, na mpanda farasi mmoja ambaye ni wewe. Unakwenda utakako. Ukiona mlima kwa mbali, mlima ule upo kweli, unaweza kuufikia na kuupanda na kuona nyuma yake kuna nini. Sisi tuliokuwa tukisikia habari za Kabambare kutoka kwa watu wenye matope mpaka kifuani, ambako ni siku mbili juu ya pikipiki na mvua ikiwa na huruma, tulikuwa kama tumepewa wazimu. Nilikuwa nikikaa darasani nikiwaza kilima fulani cha mchezo ambacho sijakiona upande wake wa pili, na mwalimu akiniuliza swali nasimama bila kujua ni somo gani.

Aliyenifundisha mchezo huo ni Saleh, yaya wangu, kama tunavyomwita kwetu ndugu mkubwa. Yeye alishika manete, kile kidude cha kuchezea chenye vitufe, na mimi nilisoma. Maandishi ya mchezo yalikuwa ya Kifaransa. Saleh aliacha shule mapema akaenda shambani na baba, lakini mimi nilikuwa na ulimi mwepesi, na kila maneno yalipotokea chini ya kioo niliyasoma na kuyageuza Kiswahili kwa sauti, chumba kizima kisikie. Papa Amisi hakuniomba hata sarafu ya kuingia. Wateja walizidi tangu walipoanza kuelewa wale watu wa mchezo wanasema nini. Nilikuwa msichana pekee mle ndani na nilikuwa na kelele kuliko wote. Mama alikuwa akisema alinizaa na siafu miguuni, na kwamba sikio la kufa halisikii dawa, halafu anachukua fimbo kunifuata, na mimi nimeshafika sokoni.

Saleh alicheza kama mtu wa kwetu. Sijui watoto wa kwingine huchezaje, lakini sisi hatukuingia kijiji bila kujitambulisha. Mgeni akifika kijiji cha watu huenda kwanza kwa kapita, yaani mkuu wa kijiji, hata kama amechoka, hata kama ana njaa, akaeleza ametoka wapi na anakwenda wapi. Basi Saleh akifika kijiji cha mchezo alishuka farasi penye nyumba ya kwanza, akaenda kwa miguu kutafuta nyumba kubwa yenye mzee, akasimama mbele yake. Mzee yule wa mchezo alikuwa anauza mishale tu, maneno yake ni yaleyale, lakini mimi nilitafsiri: "Karibu, mugeni. Watu wa kwenu wanalamuka?" Na chumba kizima kiliitikia kwamba wanalamuka vizuri, yaani wameamka salama. Mchezo uliruhusu kuingia nyumba yoyote na kubeba kilicho mezani. Aliyejaribu tulimzomea mpaka akarudisha, ingawa mchezo haukuwa na njia ya kurudisha, kwa hiyo alilazimika kukiacha chini mlangoni.

Sehemu ya kwanza ya mchezo tuliimaliza baada ya miezi mingi. Mwishoni mpanda farasi anamuaga mama yake mlangoni, anapanda, anapotea nyuma ya milima, na kioo kinakuwa cheusi. Nikasoma kwamba itaendelea.

"Itaendelea siku gani?" Saleh akauliza.

"Hawakuandika."

"Watu wabaya," akasema, akacheka, akaiweka manete chini taratibu.

Mwaka huo mihogo haikutuendea vizuri, na Saleh akaamua kwenda Lusangi, kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Kabambare, kwao mama. Vijana wengi wa mtaa walikuwa wanakwenda. Asubuhi ya safari nilimfuata mpaka penye motari, wale waendesha pikipiki za abiria, nikimbebea kifurushi ambacho hakikuhitaji kubebwa.

"Yaya, na ya pili?" nikamuuliza.

"Ya pili ikifika unitumie habari. Motari wote wanapita kule. Nitakuja. Lakini usianze bila miye."

"Sianze."

"Apa."

Nikaapa kwa jina la Mungu, mkono juu, na motari wakanicheka.

Ya pili ilifika msimu wa mvua uliofuata. Mpwa wa Papa Amisi aliitoa Bujumbura pamoja na mashine mpya nyeusi ya kuichezea. Nilipoiona pale juu ya meza, nilitoka mbio mpaka penye motari. Siku hiyohiyo nikampa habari motari mmoja anayeitwa Kitenge, aliyekuwa anakwenda Kabambare kila wiki barabara ikiruhusu. "Mwambie yaya Saleh ya pili imefika. Mwambie farasi sasa ni mweusi." Kisha nikaanza kungoja, kazi ambayo Mungu hakuniumbia. Niliwakataza wenzangu wasiiguse. Walinipa siku tatu, wakaniongezea tatu, kwa ajili ya Saleh, maana wote walimpenda. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama tuliyekuwa tukikaa naye nyumba moja, aliniona ninavyohangaika uani akasema subira huvuta heri. Nikamjibu heri ije na miguu yake yenyewe.

Kitenge akarudi na matope mpaka kwenye kope. "Nilimupatia habari yako. Alicheka sana. Anasema atakuja akimaliza shimo."

"Shimo linamalizika siku gani?"

"Mutoto, shimo la zahabu halimaliziki."

Siku ya kumi na moja nikaivunja ahadi yangu. Niliishika manete mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

Nikiwaambia ilivyokuwa, mtaniona nimetia chumvi. Mpanda farasi anatoka msituni asubuhi, anafika juu ya mwinuko, na nchi inafunguka mbele yake. Ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ile ya kwanza. Majani yalitikisika kila moja kwa upepo wake. Ziwa liliwaka mbali, na nyuma ya ziwa milima, na nyuma ya milima milima mingine ya rangi ya majivu. Hata vijana wa mpira waligeuza shingo. "Hii inapita Maniema yote," akasema Musafiri, mtoto wa jirani yetu, aliyekuwa darasa moja nami na mpinzani wangu wa kila siku. Nilitaka kwenda kila upande kwa wakati mmoja. Nilikimbiza farasi kuelekea ziwa, nikaona moshi, nikaugeukia moshi, nikaona mnara, nikauacha moshi. Nilikuwa ninasukumwa na kitu kifuani, na mpaka leo sijui jina lake.

Lakini tulipofika kijiji chetu cha ile ya kwanza nilichukia. Mnajua ilivyo kurudi mahali ukakuta wamepapanga upya bila kukuuliza. Kisima kilikuwa kimekauka. Soko lilianguka. Mzee wa mishale, kapita wetu, alikuwa kipofu na hakututambua. Mpanda farasi mwenyewe alikuwa ameota ndevu. Miaka imepita, mchezo ulisema, kama vile sisi tumeomba ipite. Na nyumba ya mama yake ilikuwa imemezwa na majani, na nyuma ya nyumba kuna rundo la mawe, na juu ya mawe kitambaa chake cha kichwani kimefungwa kwa kijiti. Maandishi yakatokea. Nikasoma: "Mama yako alikungojea." Nje jenereta ilikohoa, ikaendelea.

Kutoka hapo mchezo ulitutaka twende magharibi kuvuka mto. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu kama ya Lualaba wakati wa masika, mvua ya mchezo haikatiki. Tukazama. Mtu akizama alizinduka, na kila mara alizinduka palepale, kando ya mawe ya mama. Tulijaribu juu ya mto, tukajaribu chini, tukajaribu na farasi, bila farasi, kwa gogo. Musafiri alijaribu, mimi nilijaribu, Papa Amisi mwenyewe alivua miwani akajaribu. Wiki nzima tukazama na kuzinduka kaburini.

Hapo ndipo nilipoelewa, au nilidhani nimeelewa. Usiku sikulala vizuri, na kesho yake nikasimama mbele ya televisheni nikawazuia wasione kioo.

"Tunakosea," nikasema. "Huyu mutu amekuta mama yake amekufa, akapanda farasi akaenda. Hakulala kilio hata siku moja. Ndiyo sababu mama anamurudisha."

Wote mnajua kilio chetu. Mtu akifa, mikeka inatandikwa uani, moto unawashwa, na jamaa wanakaa na kulala pale chini siku tatu. Hakuna wa nyumba ile anayekwenda safari. Siku ya tatu matanga yanaondolewa, ndipo mtu ana ruhusa ya kusimama akaendelea na maisha yake. Kwangu lilikuwa jambo wazi kabisa. Mchezo ulikuwa na kitufe cha kumkalisha mpanda farasi kando ya moto. Wangekiweka kwa nini kama si kwa kulala kilio?

"Weye uko na kichwa kibaya," Musafiri akaniambia. "Hii ni mashini. Mashini haina matanga."

"Basi zama tena."

Akajaribu kwa hasira, akazama tena, watu wakacheka mpaka benchi likaanguka. Hata hivyo hawakukubali. Siku moja ya mchezo, tangu jua lichomoze mpaka lichomoze tena, ilikula mchana mzima wa kwetu baada ya shule. "Nani atachoma petroli ya kuangalia mutu amekaa?" wakauliza. Nikaitwa mama wa matanga, jina likanikaa.

Sasa niseme jambo waziwazi, maana sipendi kumficha mtu kama nilivyofichwa mimi. Wiki hiyohiyo Saleh alikufa. Shimo lilimfunika asubuhi yeye na mwenzake mmoja, na jioni wakamzika kulekule Lusangi, kwa kuwa dini yetu haiweki maiti. Habari ilikuja na pikipiki. Baba aliambiwa, mama aliambiwa, mwalimu wangu aliambiwa, mtaa mzima uliambiwa. Mimi sikuambiwa. Nilikuwa darasa la sita, na mtihani wa kumalizia ulikuwa umebakiza wiki sita. Wazee wa kwetu wanaamini kwamba huzuni hula maandishi kichwani, na mtoto wa mtihani akipewa habari ya msiba ataketi mbele ya karatasi kama jiwe. Basi wakaamua kungoja mpaka niandike.

Baba na mama waliondoka alfajiri juu ya pikipiki mbili. Waliniambia bibi yetu kule Kabambare ni mgonjwa. Niliona macho ya mama yamevimba, nikajua sababu yake: mama mdogo alikuwa amewasha kuni mbichi. Niliona kitenge amekifunga ndani nje, nikamcheka. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akakikandamiza tumboni kwake muda mrefu, nami nikajinasua, maana nilikuwa nimeshaanza kufikiria kwamba yeye akiwa safarini hakuna wa kunifuata na fimbo kwa Papa Amisi.

"Mama, mutapita Lusangi?"

"Tutapita."

"Mumwambie yaya aje mbio. Mumwambie nimeanza, anisamehe, lakini sijavuka muto."

Mama alimtazama baba. Kisha akasema, "Nitamwambia."

Na mimi nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi asubuhi ile, niliruka mpaka shuleni.

Mchana nilipofika kwa Papa Amisi nilikuta mambo yamebadilika. Televisheni ya mpira ilikuwa imefunikwa kitambaa. Benchi zilikuwa zimetolewa nje, na chini pametandikwa mikeka. Musafiri alisimama akanipa manete kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima kitu.

"Tukae," akasema. "Tulale kilio, vile ulisema. Siku tatu."

Nilimtazama kama ananichezea. Hakuwa ananichezea. "Na benchi?" nikauliza.

"Kilio hakikaliwi juu ya benchi," akasema Papa Amisi, naye akiwa tayari chini, miguu ameikunja.

Nikaitikia kwa kichwa kama shefu, chifu wa kwetu, aliyetiiwa. Nilijua nimeshinda. Nikamkalisha mpanda farasi kando ya moto wake, mbele ya rundo la mawe, na sisi tukakaa mbele yake.

Nataka niwe mkweli: mimi niliyetunga sheria ndiye niliyeshindwa kukaa. Jua la mchezo lilikwenda polepole mno. Mvua ilimnyeshea yule mtu na hakujifunika. Baada ya muda mfupi nilikuwa nimekaa kwa goti moja, kisha kwa goti lingine, kisha nikataka kumsimamisha mpanda farasi kidogo tu, aende mpaka penye mti ule, atazame, arudi. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Musafiri akanishika mkono. Hakuwahi kunishika mkono.

"Kaa," akaniambia polepole. "Weye ndiye ulitaka. Kaa."

Siku ya pili walikuja watu ambao hawakuwahi kuutazama mchezo wetu. Vijana wakubwa, wenzake Saleh wa timu ya mtaa, wakaingia wameinama kwa ajili ya pazia, wakakaa nyuma. Ramazani, aliyekuwa kipa wao, mtu mrefu wa kutisha, alikuwa na machozi. Nikamuuliza ana nini. Akasema ni moshi wa grupu. Nikatoka kwenda kuisogeza jenereta mbali na dirisha, kwa kuwa nilikuwa mwenye kilio na wageni ni wangu, nikarudi nikamkuta bado anajifuta. Mke wa Papa Amisi alileta kahawa yenye tangawizi katika birika kubwa, akapitisha kikombe kimoja kwa wote, akianzia kwangu. Nilikinywa kwa majivuno.

Siku ya tatu, kabla jua la mchezo halijazama, Papa Amisi alifungua viganja vyake. Wenzangu Waislamu wakafungua vyao, na Wakristo wakainamisha vichwa, kama tunavyofanya siku zote kwetu mtu akifiwa. Akasoma Fatiha, yote, bila haraka.

"Papa," nikamwambia alipomaliza, "mama wa mupanda farasi hakuwa Mwislamu."

"Mungu anajua ni ya nani," akajibu.

Nilicheka. Nilipigapiga mkeka kwa mkono nikacheka, nikiwaza nitakavyomsimulia Saleh kwamba Papa Amisi ameusomea mchezo Fatiha. Wengine hawakucheka, nami nikadhani wanaogopa kumkosea heshima.

Jua likachomoza. Nikamsimamisha mpanda farasi, nikampeleka mtoni, na mto ulikuwa umeshuka. Mawe ya chini yalionekana. Farasi mweusi akatia mguu, akatia wa pili, maji hayakumfika tumboni, tukavuka. Miaka mingi baadaye mtu mmoja aliyeujua mchezo alinieleza kwamba mvua ya mahali pale imepangiwa siku kadhaa tu, zinazoanza upya kila mtu akizama, na anayelala kando ya moto akingoja atavuka hata kama hakufiwa na yeyote. Siku ile hakuna angeniambia hivyo nikamwelewa. Nilipiga vigelegele. Niliruka juu ya mikeka, nikamvuta Ramazani aliye mara mbili yangu asimame acheze nami, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma na nikaanguka. Musafiri alitoka nje. Nilisema kwa sauti, asikie, kwamba wivu ni ugonjwa.

Wiki zilizofuata zilikuwa za ajabu na sikuuona uajabu wake. Mwalimu hakunipiga hata nilipochelewa. Majirani waliniletea mapera na mayai ya kuchemsha. Wanawake sokoni waliniita mama na kunishika bega. Baba alirudi peke yake, akasema mama amebaki kumuuguza bibi. Nilimuuliza habari za Saleh, akasema barabara mbaya. Nilidhani wema ule wote ni sifa ya mto tuliouvuka, kwamba mji mzima umesikia. Nikauandika mtihani vizuri, na ninasema bila kujisifu, niliandika kwa furaha.

Mama alirudi siku mbili baada ya mtihani. Nywele amezinyoa. Walinikalisha ndani mchana, mlango wazi, na baba ndiye aliyesema, kwa maneno machache kama ada yake. "Yaya yako hayuko tena. Shimo lilianguka. Tulimukuta ameshazikwa." Nikauliza ni siku gani. Akaniambia. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena.

"Tutandike mukeka," nikamwambia mama. "Tukae kilio."

"Kilikaliwa kule kwa bibi yako," mama akasema. "Arubaini imepita. Matanga yakishaondolewa hayatandikwi mara ya pili, mwanangu. Ni kuita kifo kingine."

"Na miye nitakaa wapi?"

Mama alinyoosha mkono, nami nikatoka mbio. Nilikimbia bila kuona mtu mpaka nyuma ya soko. Musafiri alikuwa peke yake mle chumbani anafagia. Niliponyanyua pazia aliona uso wangu, akauweka ufagio chini.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Na Papa Amisi? Na Ramazani?"

"Siye wote. Mama yako alipita hapa ile asubuhi ya kuondoka. Alishuka pikipiki, akamwomba Papa Amisi: musimwambie, lakini musimwache peke yake." Alikuwa mtoto tu, kama mimi. "Hukukosa kilio. Kilio cha yaya Saleh ulikilala. Siku zote tatu. Siye tulikuwa tunamulilia yeye, na weye ulikuwa katikati, ulishika manete."

Nilimpiga kofi. Lilisikika mpaka nje. Hakunirudishia wala hakujishika shavu, alisimama tu, na mimi nikageuka nikaondoka, na mchezo ule sikuugusa tena. Musafiri alidhani, na labda mpaka leo anadhani, kwamba nilimchukia kwa kunificha.

Siku hizi nikienda kwenye matanga ya watu sikai. Nachota maji, nakata kuni, naosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa, nazunguka tangu asubuhi mpaka mikeka ikunjwe, na wenye msiba wananisifu kwa bidii. Wakiniambia nipumzike kidogo, nikae nao, nasema bado kuna kazi. Siwezi kuwaeleza kwamba niliwahi kukaa. Matanga ya kaka yangu niliyakaa siku tatu kamili, kati ya watu wote waliompenda, wakimwombea na kumlilia mbele ya macho yangu, na katika wote wale aliyecheka ni mimi.